Boroni kwenye bitiruti: umwage chini, upulizie, au ununue mbolea iliyochanganywa tayari?

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mmoja anayesaga juisi sokoni Lushoto ndoo tatu za bitiruti, kwa nje safi kabisa, nyekundu, ukubwa wa ngumi. Nikamwamkia, tukaongea bei, akachukua kisu akapasua ya kwanza akanyamaza, akapasua na ya pili. Ndani, kwenye zile duara za rangi, kulikuwa na madoa meusi, makavu, magumu kama gome la mti, ukiyagusa na ncha ya kisu yanamegeka. Akaniambia, "Mwanangu, hizi zimeoza." Nikamwambia mama hazijaoza, hazinuki, hakuna mdudu, hili ni shamba lenye njaa ya boroni, kirutubisho ambacho mmea unakitaka kidogo tu. Akasema, "Sawa baba, lakini nikisaga hii juisi inaharibika rangi na inakuwa chungu, mteja harudi tena." Nikabeba ndoo mbili nikarudi nazo.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na wenzangu wengi, haya sasa hiyo boroni tunaiwekaje? Wengine wameambiwa na duka la pembejeo wapulizie, wengine bwana shamba kawaambia wamwage ardhini kabla ya kupanda, wengine wanasema mimi nanunua mfuko wenye boroni tayari sina shida. Wote wana sababu zao, na nimejaribu njia zote tatu kwenye vipande tofauti vya shamba, kwa hiyo naomba nizilinganishe hapa kwa utulivu.

Kwanza tuelewane boroni inafanya nini

Bitiruti tunayokula sisi na ile bitiruti ya sukari wanayolima Ulaya, Misri, Uturuki na Marekani ni mmea mmoja, Beta vulgaris, tofauti ni aina tu, yao ni nyeupe na sukari ni kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa kiazi. Ndiyo maana mengi tunayojua kuhusu boroni tumeyapata kwao, maana kwao mzigo ukifika kiwandani unapimwa: uzito, asilimia ya sukari, na ule uchafu unaozuia sukari isigande vizuri, yaani potasiamu, sodiamu na naitrojeni ya amino. Mkulima analipwa kwa uzito na kwa utamu, kwa hiyo wamechunguza sana.

Huko ugonjwa huu waliuita kuoza moyo, na kwa miaka mingi walidhani ni ukungu, mpaka mwaka 1931 Mjerumani Brandenburg alipoonyesha kwamba chanzo ni upungufu wa boroni. Miaka minane kabla yake, mwaka 1923, mama mmoja mtafiti, Katherine Warington, pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted Uingereza alikuwa ameshaonyesha kuwa maharage mapana hayawezi kukua bila boroni, hata kama inayohitajika ni kidogo sana. Kwa hiyo jambo hili si geni, ni sisi tu halijatufikia shambani.

Boroni ndiyo inayoshika kuta za seli zisimame imara, kwa hiyo sehemu inayokua haraka ndiyo inaumia mwanzo. Angalia moyo wa mmea, yale majani madogo ya katikati: yanajikunja, yanabaki mafupi, yanakuwa meusi na kufa. Vunja shina la jani uangalie upande wa ndani, utaona mipasuko midogo ya kukata imepangana kama vipandio vya ngazi. Baadaye vijani vidogo vinachipua pembeni mwa moyo uliokufa, na kichwa cha kiazi kinapata shimo. Mara nyingi inaonekana kukiwa na ukame wa wiki mbili tatu, kwa sababu boroni inaingia na maji yanayovutwa na mizizi, maji yakipungua na boroni inapungua.

Jambo moja naomba ulishike maana ndilo linaloamua karibu kila kitu huko chini. Kwenye bitiruti boroni ikishaingia kwenye jani inakaa pale pale, haihami kwa wingi kwenda kwenye jani jipya. Kwenye tufaha inahama, kwenye bitiruti hapana. Kwa hiyo mmea unataka boroni kidogo kidogo muda wote anaokua, ukiupa mara moja mapema halafu ukasahau, majani ya mwezi ujao yatakuwa na njaa ile ile.

Na lingine: udongo ukiwa na upungufu, boroni inaongeza uzito wa kiazi na utamu na inapunguza ule uchafu kiwandani. Udongo ukiwa nayo ya kutosha haiongezi kitu, unapoteza hela tu. Ikizidi, inaunguza. Nafasi kati ya kutosha na kuzidi ni nyembamba kuliko mbolea nyingine zote nilizowahi kushika.

Nitazipima kwa vitu gani

Njia zote tatu nitaziangalia kwa mambo yale yale: inaendana na udongo na mvua ya namna gani, inaanza kufanya kazi lini na inadumu kiasi gani, ni rahisi kiasi gani kuisambaza sawasawa bila kuunguza, inakula hela na jasho kiasi gani, inafanya nini kwenye uzito na ubora, na inaliachia nini zao linalofuata.

Kabla ya hapo soma lebo vizuri. Kinachohesabiwa ni boroni yenyewe, herufi B. Baadhi ya mifuko wanaandika B2O3, namba inaonekana kubwa, hiyo zidisha kwa 0.31 ndiyo upate boroni halisi. Boraksi ya kawaida ina boroni asilimia 11, asidi ya boriki asilimia 17, unga wa kupulizia unaoyeyuka vizuri ni asilimia 20 na kidogo, na ile ya maji mara nyingi ni gramu 150 kwa lita. Kuna watu wamebadilisha kutoka boraksi kwenda unga wa asilimia 20 wakatumia kipimo kile kile, hapo umeweka karibu mara mbili bila kujua.

Njia ya 1: kumwaga ardhini kabla ya kupanda

Udongo na maji. Inafaa udongo wenye mfinyanzi kiasi na mboji, kule boroni inashikwa na haikimbii. Kwenye kichanga na mvua kubwa za masika inaoshwa inashuka chini ya mizizi. Na kama umetoka kumwaga chokaa nyingi, udongo unaishika boroni mmea haupati, hilo wengi hawalijui, wanaweka chokaa kurekebisha uchachu halafu wanashangaa moyo wa bitiruti unakufa.

Muda. Inakuwepo toka mbegu inaota, mizizi inajichukulia taratibu hadi mavuno, na kwa mmea ambao boroni haihami ndani yake hii ni faida kubwa sana, kuliko zote kwa maoni yangu. Ila kukiwa na kiangazi kikali ipo ardhini lakini haiingii.

Usawa na hatari. Hapa ndipo nilipoumia. Kiasi kinachotumika kwa bitiruti ya sukari ni kama kilo 1 hadi 3 za boroni kwa hekta kutegemea kipimo cha udongo. Chukua kilo 1.5, kwa ekari ni gramu 600 tu za boroni, yaani kilo 5 na nusu za boraksi. Hebu fikiria kilo 5 na nusu kuzitawanya ekari nzima kwa mkono ziwe sawa! Mwaka wa kwanza nilimwaga hivyo hivyo bila kuchanganya na kitu. Bitiruti hazikulalamika maana ni kati ya mazao yanayovumilia boroni, lakini msimu uliofuata nikapanda maharage pale pale, yakatoka na viraka, sehemu moja kijani safi, hatua tatu mbele majani yameungua kingo zote kama yamepitishwa kwenye moto. Viraka vile vilikuwa alama za mkono wangu. Sasa hivi nachanganya na ndoo tatu nne za mchanga mkavu, nagawa mafungu mawili, fungu moja napita kwa urefu wa shamba, lingine kwa upana, halafu nafukia kwa jembe. Usiweke kwenye shimo pamoja na mbegu hata siku moja.

Kuna wanaofanya vizuri zaidi, wanayeyusha ule unga wa asilimia 20 kwenye maji na kupuliza kwenye udongo mtupu kabla ya kulainisha mara ya mwisho. Inasambaa sawa kabisa, ila unga huo ni ghali kuliko boraksi.

Hela na jasho. Ukipiga hesabu kwa gramu moja ya boroni, boraksi ndiyo bei nafuu kuliko zote, na kazi ni mara moja. Shida kuipata kwa rejareja vijijini, na ile wanayouza kwa ajili ya masonara kuyeyushia dhahabu haina lebo ya mbolea, usinunue kitu ambacho hujui asilimia yake.

Uzito na ubora. Kwenye udongo uliopimwa ukakutwa chini kabisa, hapa ndipo tofauti inaonekana hadi kwenye mizani, kwa sababu mmea haujakosa toka utotoni.

Zao linalofuata. Hili ndilo doa lake. Ukifuatisha maharage, au stroberi, au umechanganya na miche ya parachichi, uwe mwangalifu mno maana hayo hayavumilii. Kabichi, kolifulawa na karoti hazina neno, nyingine hata zinashukuru.

Njia ya 2: kupulizia kwenye majani

Udongo na maji. Hii inakwepa matatizo yote ya ardhini. Udongo una chokaa, una kichanga, umekauka, haijalishi. Misri ni mfano mzuri, wanalima bitiruti ya sukari eneo la delta ya Nile kama Kafr El Sheikh na kwenye mashamba mapya ya jangwani, udongo wao ni wa magadi au wenye chokaa, na majaribio mengi ya boroni kule yamefanywa kwa kupulizia. Kinachoiharibu hii njia ni mvua, ukipuliza saa tisa na saa kumi ikanyesha, umeosha majani.

Muda. Inafika haraka, lakini kumbuka nilichosema, inabaki kwenye majani yaliyopulizwa. Kwa hiyo mara moja haitoshi. Mimi naanza mmea ukiwa na majani 6 hadi 8, narudia baada ya wiki mbili au tatu, na ya mwisho kabla majani hayajafunga mistari, yaani kabla ya majani ya mstari mmoja kugusana na ya mstari wa pili. Wazungu nao wanalenga kabla ya majani kufunga. Ukianza pale umeshaona moyo mweusi, utaokoa majani yanayokuja, lile doa ndani ya kiazi halifutiki.

Usawa na hatari. Kusambaza ni rahisi, bomba linafanya kazi yenyewe. Kiasi ni kama gramu 400 za boroni kwa hekta kwa msimu, kwa ekari ni gramu 160. Kwa unga wa asilimia 20.5 hiyo ni gramu 780 hivi, gawa mara tatu unapata gramu 260 kila mzunguko, kama ekari yako inatumia mabomba 8 ya lita 20 basi ni kama gramu 32 kwa bomba. Ya maji ya gramu 150 kwa lita, ekari inataka lita moja na kidogo kwa msimu mzima. Usikadirie kwa kifuniko cha soda, nunua mizani ndogo ya jikoni na uiache stoo isirudi jikoni. Unga yeyusha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, ukiumwaga moja kwa moja kwenye bomba lenye maji baridi ya asubuhi ya Lushoto punje zinabaki chini zinaziba nozeli, mstari mmoja unapata maji matupu na wa mwisho unapata dozi ya mistari mitano. Pia unga huu unapandisha magadi ya maji kwenye bomba, na kuna dawa za wadudu zinapoteza nguvu kwenye maji ya hivyo, mimi sichanganyi, napulizia peke yake jioni jua likishapoa.

Hela na jasho. Boroni yenyewe ni ghali kwa gramu lakini unatumia kidogo, kinachouma ni kupita shambani mara tatu na bomba mgongoni kwenye matuta ya mlimani. Kama tayari unapita na dawa ya ukungu na lebo zote mbili zinaruhusu kuchanganywa, hapo gharama ya kazi inapungua.

Uzito na ubora. Kwenye upungufu wa wastani inatosha kabisa kuondoa madoa na kuinua utamu. Upungufu ukiwa mkubwa, kupulizia peke yake kunaacha pengo la wiki zile nne tano za mwanzo wakati majani ni machache, hakuna pa kupulizia, na mizizi haina kitu.

Zao linalofuata. Hapa ndipo inapoongoza. Gramu 160 kwa ekari haziachi mabaki ya kutisha, maharage yangu yaliyofuata yalikuwa salama kabisa.

Njia ya 3: mbolea iliyochanganywa na boroni tayari

Udongo na maji. Inafanana na njia ya kwanza maana nayo inapita ardhini, kichanga na chokaa vinaisumbua vile vile. Ila ukiigawa mara mbili, ya kupandia na ya kukuzia, hasara ya kuoshwa na mvua inapungua.

Muda. Inaingia pamoja na virutubisho vingine, na ile ya kukuzia inafika wakati kiazi kinanenepa, wakati mzuri sana.

Usawa na hatari. Kila punje ina boroni yake, kwa hiyo ukimwaga mbolea vizuri na boroni imemwagika vizuri. Kuunguza ni vigumu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika boroni, au mwenye vibarua wapya kila msimu, hii inampa usingizi.

Lakini kiasi, ndugu zangu, kiasi! Maneno "ina boroni" kwenye mfuko yanaweza kumaanisha kitu kidogo mno. NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye boroni asilimia 0.02, mfuko wa kilo 50 una gramu 10 tu. Mifuko mitatu kwa ekari ni gramu 30, wakati njia ya kupulizia inatoa 160 moja kwa moja kwenye jani. Tofauti na hiyo, naitreti ya kalsiamu yenye boroni asilimia 0.3 ina gramu 150 kwa kilo 50, hiyo ni habari nyingine kabisa. Zote mbili dukani utaambiwa ina boroni. Nilipopata yale madoa meusi niliyomuuzia mama wa juisi, kile kipande kilikuwa cha NPK ya aina ya kwanza na nilikuwa nimetulia najua boroni ipo.

Hela na jasho. Jasho halipo kabisa, mbolea ungemwaga tu. Hela inategemea, ukilinganisha na mfuko usio na boroni tofauti huwa si kubwa.

Uzito na ubora. Inafaa kulinda shamba ambalo bado liko sawa. Tatizo ni kwamba boroni imefungwa pamoja na naitrojeni, ukitaka kuongeza boroni unaongeza na naitrojeni, na bitiruti ukiipa naitrojeni nyingi mwishoni inapeleka nguvu kwenye majani, utamu unashuka. Kwenye bitiruti ya sukari ndiyo kabisa, ile naitrojeni ya amino inapanda na kiwanda kinatoa sukari kidogo. Kwa hiyo usiutumie mfuko huu kama dawa ya upungufu mkubwa.

Zao linalofuata. Salama, karibu kila mara.

Samadi na mboji je?

Nimeulizwa sana hili. Samadi iliyoiva ina boroni kiasi na inasaidia udongo kuishika, kwenye mabonde yenye udongo mweusi nimeona matatizo machache kuliko kwenye miteremko iliyolimwa miaka mingi. Weka, ni nzuri kwa kila njia. Ila huwezi kujua ina gramu ngapi, kwa hiyo usiihesabu kama dozi.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una ekari moja kwenda juu na unalima bitiruti kila mwaka, anza na kipimo cha udongo, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Muheza au SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) Morogoro, uwaambie unataka na boroni maana kipimo cha kawaida huwa hakina boroni. Chini ya miligramu 0.5 kwa kilo ya udongo, kwa bitiruti hiyo ni njaa, mwaga ardhini na uongezee kupulizia mara moja au mbili. Kati ya 0.5 na 1, kupulizia kunatosha. Juu ya hapo acha, hata jirani akikuambia nini. Kule Uturuki, nchi yenye akiba kubwa kuliko zote duniani ya madini ya boroni, kuna mashamba ya uwanda wa kati wa Anatolia ambako ngano inaungua kwa boroni iliyomo ardhini yenyewe, kwa hiyo kupima si anasa.

Kama umeweka chokaa msimu huu, au udongo wako ni wa magadi, pulizia. Boroni ya ardhini utakuwa unailisha ardhi.

Kama baada ya bitiruti unaweka maharage, na huku kwetu karibu kila mtu anaweka maharage, pulizia au tumia mbolea iliyochanganywa. Ukilazimika kumwaga ardhini tumia kiwango cha chini na uyeyushe upulize kwenye udongo mtupu badala ya kutupa kwa mkono.

Kama shamba liko mbali, unafika Jumamosi tu na mvua haitabiriki, kupulizia mara tatu hutaweza, usijidanganye. Chukua naitreti ya kalsiamu yenye boroni ya 0.3 kwa kukuzia na samadi ya kutosha chini.

Kama una bustani ya matuta manne matano nyuma ya nyumba, boraksi usiiguse kabisa, kipimo cha eneo dogo namna hiyo ni vijiko na kosa la kijiko moja ni kubwa. Nunua ile ya maji ya chupa ndogo, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na hifadhi mbali na watoto, usiweke kwenye chupa ya soda.

Na kama unasoma hii huku moyo umeshakuwa mweusi shambani, leo jioni pulizia uelekeze nozeli katikati ya mmea, mwagilia kama una maji, halafu ng'oa viazi kumi kutoka sehemu tofauti uvipasue. Vikiwa na madoa matatu manne kati ya kumi, usisubiri vinenepe, vuna vile vyenye majani mazima ya moyo uuze mapema, na yule unayemuuzia mpasulie kimoja mbele yake kabla hajalipa.